Mate ya Baraka na Jicho Lililobaki

Mtu wa kwanza kunitia kitu jichoni alikuwa shangazi yangu, na kitu chenyewe kilikuwa maziwa ya mzazi wa jirani. Alimleta yule mwanamke mpaka kitandani kwangu, mtoto akiwa mgongoni, akamwambia aniinamie akamue. Maziwa yalikuwa na uvuguvugu. Yaliingia jichoni, yakateremka shavuni mpaka sikioni, na yalipokauka yakaanza kunuka ubichi. Nikasema nataka kutapika. Shangazi akasema hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni, na kwa Wachagga kuwa na kinyaa ni mkosi. Nilikulia Masama, juu mlimani, kwenye kihamba cha migomba na kahawa, katika ukoo ambao mbuzi akichinjwa hakuna tone la damu linalomwagwa. Damu inakingwa kwenye sufuria, inakorogwa kwa mkono isigande, inageuka kisusio, yaani supu ya damu, na kila mtu anajipangusa mdomo akisema mwili umepata nguvu. Mimi nilikuwa naikimbia, najificha nyuma ya zizi. Mbege nayo, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ilinywewa kwa kata moja ikizunguka kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, na kila ikinifikia nilikuwa naona sharubu za waliotangulia zimeacha ulezi pembeni. Ndugu zangu waliniita bibi harusi nikiwa bado msichana mdogo, kwa sababu nilikula kwa ncha za vidole. Nilizoea kutaniwa. Kinyaa chenyewe sikukizoea hata siku moja.

Jicho liliponianza nilikuwa mjini Moshi tayari, fundi cherehani pale Kiboriloni. Nilijifunza kushona magauni mapya, lakini enzi zile biashara ilikuwa imefunguliwa milango, mitumba ikamwagika kama mvua, na kila fundi aliyekuwa anashona nguo mpya akajikuta anapunguza za zamani. Marobota yalifunguliwa mbele ya baraza letu. Nilikuwa nakata suruali za watu ambao sitawajua kamwe, na kwapani mwa mashati yao kulikuwa na ramani za njano ambazo sabuni haikuzitoa. Nilishona nikiwa nimejifunga kitambaa puani. Wenzangu walicheka, nikawaacha wacheke, maana mikono yangu ilikuwa inajua kazi na macho yangu yalikuwa yanaona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi jioni ikishaingia.

Kwanza uliniuma mgongo. Asubuhi nilikuwa naamka nimekakamaa kama ngozi iliyoanikwa, mpaka jua lipande ndipo ninyooke. Sikuufikiria sana, nikasema ni kiti cha cherehani. Kisha jicho la kulia likawa jekundu, na mwanga ukawa adui. Nilifunika kichwa kwa kanga mchana kweupe. Halikutoa tongotongo, lilitoa machozi tu, lakini mama mwenye nyumba hakutaka kujua tofauti. Alinitengea beseni, akanitengea kamba ya kuanika, na watoto wake akawakataza kupita karibu na mlango wangu. Nilimchukia sana yule mama. Sasa naona kwamba kati ya watu wote walionizunguka, yeye peke yake alikuwa na akili ya kuogopa ugonjwa, ingawa aliogopa usiokuwa wa kuambukiza.

Hospitali walinieleza vizuri. Daktari wa macho alisema uvimbe uko ndani ya jicho, si juu yake, na kwamba mgongo na jicho ni ugonjwa mmoja: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imekosa adabu na sasa inapiga watu wa nyumbani. Alinipa matone ya kutuliza uvimbe na mengine ya kuifungua mboni isinate. Baadaye akaongeza vidonge. Vilinisaidia, nisivionee. Lakini viliniumua uso ukawa kama andazi, shingo ikajaa, na watu wakaanza kunipongeza. Nikipita sokoni wananiambia mjini kumenikubali. Shemeji mmoja alinifinya shavu mbele za watu akamuuliza mumewe kwa nini yeye hanenepeshwi namna hiyo. Nilikuwa najiangalia kwenye kioo kwa jicho moja naona mtu aliyevimba kama mzoga wa mtoni, nao wananipongeza.

Jicho la kulia lilikufa taratibu. Kila uvimbe uliporudi uliacha kitu nyuma, mboni ikanata upande mmoja ikawa kama tundu la kifungo lililochanika, kisha likaingia wingu, kisha presha ya jicho ikapanda mpaka mshipa wake ukaharibika. Kati ya safari za hospitali, shangazi hakulala. Alileta maji ya majani ambayo bibi mmoja aliyatafuna kwanza kwa meno yake mawili yaliyobaki, ndipo akayatemea kwenye kijiko. Alileta mkojo wa mtoto mchanga kwenye chupa ya soda. Huo niliumwaga mbele yake, na akaniambia kwamba watu wenye maringo ndio wanaopofuka. Jicho lilipozima kabisa alinitazama kwa namna ya mtu aliyeonya.

Kisha likaanza la kushoto.

Siwezi kueleza hofu ile kwa utulivu. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, natia uzi kwenye sindano, na tundu la sindano likaota ukungu. Nikapangusa jicho, ukungu ukabaki. Nilifunga kazi nikaenda hospitali kwa miguu, maana nilitaka kuangalia kila kitu njiani wakati bado naona, nikaishia kuangalia mitaro ya maji machafu na maganda ya ndizi.

Mwaka huo, kwenye miaka ya mwanzo ya elfu mbili, alikuwepo daktari mgeni aliyekuja kusaidia kwa muda. Yeye na daktari wangu walikaa na mimi kwenye chumba kidogo. Walisema vidonge vimefika mwisho, vikiongezwa vitaniharibu mifupa na sukari, na jicho halitapona. Ipo dawa mpya, ya kibayolojia, na yule mgeni alikuwa amepata chupa chache kupitia wenzake wa ng'ambo. Haikupikwa kwa kuchanganya kemikali. Ilitokana na chembe hai. Inazuia ujumbe mmoja tu ambao mwili unautuma ili kuwasha uvimbe. Inaingia kwa dripu, narudi baada ya wiki kadhaa, narudi tena.

Nikawauliza chembe hai za nini. Daktari wangu alikohoa kidogo kwa aibu, akaniambia sehemu ya dawa ile ina asili ya panya.

Mimi, ambaye nikiona kinyesi cha panya kwenye kabati naosha vyombo vyote upya kwa maji ya moto. Yule mgeni alieleza kwa upole kwamba hakuna panya wala damu yake ndani ya chupa, ni protini iliyosafishwa, iliyoundwa kwa kufuata mfano. Nilielewa. Tumbo halikuelewa. Lakini nililitazama ua lililokuwa nje ya dirisha, nikaona halina kingo, nikawaambia waniwekee hata kama ni panya mzima.

Kabla ya kuanza walinipiga picha ya kifua na kunichoma kipimo kwenye ngozi ya mkono kutafuta kifua kikuu. Nilikuwa sina. Daktari alinieleza sababu, na alinieleza mara mbili akitaka nirudie. Ujumbe ule unaozuiwa na dawa ndio huohuo unaokifungia kifua kikuu mwilini kisiamke. Nikiambukizwa nikiwa kwenye dripu, kinaweza kunienea haraka. Na hata nisipokufa, dawa itasimamishwa, uvimbe utarudi, na jicho la kushoto litafuata la kulia. Nisikae chumba kimoja na mtu anayekohoa. Nisinywe maziwa yasiyochemshwa. Nisile nyama wala damu isiyoiva.

Hiyo ya damu ilinifurahisha. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na cheti cha daktari cha kinyaa changu.

Dripu ya kwanza ilipita bila shida, ya pili pia. Baada ya hapo niliamka asubuhi moja nikainuka kitandani bila kushika ukuta. Nikatazama dari nikaona vichwa vya misumari. Nililia, na machozi hayakuwa yanachoma. Nikarudi Kiboriloni, nikashona, nikayaona yale madoa ya makwapa vizuri kuliko zamani, na hata hayo niliyafurahia kwa siku mbili tatu.

Kosa nililofanya ni kumsimulia mama habari ya panya. Mama alimsimulia shangazi, na shangazi akausimulia mlima mzima. Watu wanaokunywa damu ya mbuzi ikiwa bado na povu wakashikwa na kinyaa kwa ajili yangu. Wakasema nimetiwa damu ya panya, kwamba mtoto wa ukoo wetu ana kitu cha shimoni kinatembea kwenye mishipa yake, na lazima kitolewe. Dawa ya kukitoa ilijulikana. Desemba, watu wote watakaporudi nyumbani, nitabarikiwa na mkubwa wa ukoo.

Mkubwa wa ukoo alikuwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu. Niseme wazi kwamba nilimpenda. Baba alipofariki yeye ndiye aliyetulea, alipogoa kahawa yetu kabla ya yake, na mama aliishi kwenye kihamba kilekile akimpikia na kumfulia tangu mkewe alipotangulia. Hakuwahi kunitania kuhusu kisusio. Baraka zake zilikuwa za zamani: anakunywa funda la mbege, analikalisha mdomoni akisema maneno kimoyomoyo, kisha anakupulizia kifuani na usoni. Wengi wa rika langu walibarikiwa hivyo kabla ya mtihani, kabla ya ndoa. Nilikuwa nabana pumzi, nikishamaliza nakwenda kunawa mferejini.

Nilipofika nyumbani Desemba hiyo nikamsikia kabla sijamwona. Kikohozi kilikuwa kinatoka nyuma ya nyumba, kirefu, cha kuchimba, na mwisho wake kilikuwa na maji. Alikuwa amekonda hadi koti lilimning'inia. Nilimwamkia shikamoo nikiwa mbali, nikaona ameshika kitambaa, akakikunja haraka akakitia mfukoni. Nilimuuliza mama ni lini alianza kukohoa hivyo. Mama akasema ni tumbaku. Nikamuuliza kama amekwenda hospitali. Akaniambia nipunguze sauti, kwa sababu siku hizi mtu akisikika ana kifua watu wanasema ana ugonjwa ule mwingine, na yeye ni mzee wa kanisa.

Kwa hiyo hakuna aliyesema. Watu zaidi ya ishirini walijaa kwenye ile nyumba, watoto wakiwa mapajani mwake, kata ikizunguka, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi ya mlima, naye anakohoa katikati yao kama saa ya ukutani ambayo wameizoea. Mimi nilikaa nje kwenye gogo, kanga imenifunika pua, mvuke wa utumbo wa mbuzi ukinijia. Nilisikia mwilini kinyaa cha namna mpya. Cha damu na mate nilikuwa nakijua. Hiki kilikuwa cha heshima yao, ile heshima nzuri ya kuinamisha kichwa na kumwacha mtu aoze huku ukimwita mzee.

Niliitwa ndani. Niliwaambia nitabarikiwa uani, kwa mbali, kwa maneno. Shangazi akanivuta mkono akasema nisilete mambo ya mjini. Wakanisimamisha mbele yake, mlango ukafungwa tena. Baba mkubwa aliinuka kwa shida, akapewa kata, akapiga funda. Alinisogelea mpaka nikasikia kifua chake kinavyokwaruza. Mashavu yake yalikuwa yamejaa.

Nikajifunika uso kwa kanga, nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikaufungua.

Alisimama pale na mbege mdomoni. Kisha akaimeza, na kuimeza kukamletea kikohozi, akakohoa muda mrefu huku ameshikilia nguzo. Alipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unanionea kinyaa, mwanangu?"

Ningeweza kusema hapana. Kila mtu mle ndani alikuwa ananisihi kwa macho niseme hapana.

"Ndiyo, baba," nilisema. "Nakuonea kinyaa. Una kifua kikuu, na kila mtu humu anakiona. Kikiniingia mimi dawa inakatwa, na sina jicho lingine."

Shangazi alianza kunilaani. Baba mkubwa alikaa. Siku hiyo mbuzi aligawanywa kama desturi, kila mtu na fungu lake kwa cheo chake cha ukoo, na mabinti walipoitwa mimi sikuitwa. Fungu langu nililiona limewekwa juu ya jani la mgomba peke yake, nzi wanalizonga, hakuna anayeligusa wala kunipa. Niliteremka mjini alasiri hiyohiyo.

Daktari alinipima tena kabla ya dripu ya tatu, nikawa salama. Nyumbani hawakuniletea hata salamu. Mama mwenyewe aliyekuwa anashuka kila siku ya soko na mkungu wa ndizi hakushuka. Nilishona, niliona, nilikuwa na hasira ya kutosha kuendesha cherehani bila miguu.

Mvua za masika zilipokuwa zimekolea nikasikia kwamba baba mkubwa ametapika damu kanisani, katikati ya ibada, mahali ambapo hata heshima haikuweza kufunika. Aliletwa mjini, akalazwa wodi ya kifua. Nilimuuliza daktari kama naruhusiwa kwenda kumwona. Akasema nisimame nje, dirishani, upande unaotoka upepo, na nisikawie.

Nilisimama kwenye majani yenye maji. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha. Mikono yake, iliyokuwa inaweza kuinua gunia la kahawa, ilikuwa imebaki mifupa na kucha. Kando yake kulikuwa na kopo lenye mfuniko, na nilijitahidi nisilitazame nikashindwa.

Aliniuliza jicho linaonaje. Nikamwambia linaona. Akaitikia kwa kichwa akapumzika kidogo. Akaniambia kwamba tangu aletwe, wale waliokunywa naye kata moja hawajafika, ila wanatuma maombi. Alisema bila uchungu, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Nilidhani ananishukuru, nikaanza kusema kwamba sikutaka kumvunjia heshima. Akainua kidole ninyamaze.

"Walijua wote," alisema. "Mama yako ndiye aliyekuwa anafua vile vitambaa. Damu alikuwa anaiona."

Nilirudi nyumbani kwa miguu mvuani. Nilitaka kumkasirikia baba mkubwa, nikakuta hasira yote imekwenda kwa mama. Mama yangu, aliyeshika damu ile kwa mikono kwa miezi, ndiye aliyenipangusa vumbi begani siku ile ili nibarikiwe. Nilimtumia ujumbe ashuke apimwe. Akajibu kupitia jirani kwamba hana muda, kahawa inachanua, na akauliza, ningekuwa mahali pake, mimi ningemwambia nini mkubwa wangu.

Baba mkubwa alichelewa sana kufika kwa madaktari. Alifariki kabla masika hayajaisha. Tulimzika kihambani, chini ya migomba, kwenye udongo uliolowa mpaka jeneza likawa linateleza mikononi mwa wabebaji. Katika historia fupi ya marehemu ilisomwa kwamba alisumbuliwa na presha. Watu wakaitikia kwa kichwa. Nilitazama sura zao kwa jicho langu moja, moja baada ya nyingine, shangazi, shemeji aliyenifinya shavu, wazee wa kanisa, na nikatamani kutema mate chini.

Tulikuwa tumepangiwa viti chini ya turubai, mimi nimekaa karibu na mama. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa naye tangu Desemba, na bega lake lilikuwa limegusa langu. Nilimsikia akivuta pumzi fupi, kisha nyingine. Kisha akakohoa. Alijaribu kukimeza kikohozi, kikamshinda, akainama nacho, na nilisikia mwisho wake kile kitu chenye maji.

"Ni vumbi," mama alisema.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Matope yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yetu.

Niliinuka. Nilichukua kiti changu nikakipeleka upande wa pili wa turubai, mahali pasipo na mtu, na watu wote wakageuka, maana mtoto hamwachi mama yake peke yake msibani. Nikasimama pale nikasema kwa sauti iliyomfikia hata mchungaji kwamba mama yangu amepata kifua kikuu alichokuwa nacho marehemu, kwamba kesho anashuka na mimi hospitali akae kiti cha nyuma cha gari na madirisha wazi, na kwamba wote waliolala nyumba ile Desemba wakapimwe pamoja na watoto. Shangazi akaniita mchawi. Mzee mmoja akaanzisha wimbo ili kunifunika.

Mama hakunitazama. Alijiziba mdomo kwa kanga, akavuta kiti chake nyuma, mbali na mimi, na alipoona bado ni karibu akakivuta tena.